Barua Nyuma ya Kiti cha Rubani

Ndege yetu ya barua haikumaliza hata mwaka angani, na bado watu wanaisifia. Mimi Teunis, niliyepiga randa mbavu zake pale kwenye kiwanda cha samani The Hague, Uholanzi, simo. Nikisikia inatajwa namkumbuka Wiebren Hoekzema, na roho inaniuma.

Wiebren alikuwa fundi makabati kama mimi, mpaka bosi alipotuambia tuunde ndege ya mbao ya kufikisha barua za Krismasi Java, koloni letu la mbali Asia, kwa siku nne, wakati meli ilichukua mwezi. Huko Java, Bandung, aliishi binti yake, Geesje. Aliolewa na Mkatoliki, basi Wiebren akasimama mbele ya kanisa letu la Waprotestanti akatangaza kwamba hana binti. Miaka sita hakulitamka jina lake.

Desemba ile mkwewe akamletea telegramu: Geesje atapasuliwa tarehe ishirini, na madaktari hawana matumaini.

"Mwandikie basi," nikamwambia usiku mmoja tukimalizia kazi ndani ya ndege.

"Nimeshaandika. Tatizo posta yupo Bouwman."

Bouwman, karani wa dirishani, alikuwa mzee wa kanisa letu.

"Yaani unamwogopa Bouwman kuliko kumkosa mwanao?"

"Teunis, usinichoshe. Shika taa."

Akafungua ubao nyuma ya kiti cha rubani, akachomeka barua, akaufunga kwa skrubu mbili. Fundi wa injini, rafiki yetu ambaye angesafiri na ndege, angeitoa akifika Java. Nami nilishika taa, mjinga mkubwa mimi.

Ndege ikaondoka, na injini moja ikafa Italia. Redio ikatangaza kwamba magunia yote ya barua yamehamishiwa ndege nyingine na safari inaendelea. Ndege yetu na watu wake wamekwama uwanjani. Tukatazamana. Barua ya Wiebren haikuwa kwenye gunia.

Siku mbili alipiga randa ubao uleule mpaka ukabaki mwembamba kama karatasi. Hata chakula hakugusa. Mara moja tu alisema, "Nimeifungia humo kwa mikono yangu mwenyewe."

Tarehe kumi na tisa asubuhi akavua aproni akatoka. Nikamfuata mpaka posta. Foleni ilijaa watu wa kanisani, maana mtaa wetu ndivyo ulivyo.

"Telegramu," akasema. "Ya Java."

"Kwa nani, Ndugu Hoekzema?"

Akageuka kutazama mlango. Nilidhani ataondoka.

"Kwa binti yangu, Geesje." Kisha akataja jina la mume, herufi kwa herufi. "Andika: Baba amekosa. Nakupenda. Nisamehe."

Bouwman akaandika, halafu akamsomea kwa sauti kuhakikisha, neno kwa neno. Nyuma yetu mtu akakohoa. Wiebren akasimama palepale, shingo nyekundu, akasikiliza hadi mwisho.

Jibu la mkwewe lilifika tarehe ishirini na moja. Akanipa karatasi, nikamsomea mimi.

"Nilimsomea kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Alifurahi sana. Hakuamka."