Salamu Nilizokataa Kuitikia
Nilipougua kifua kikuu nililazwa Kisumu, katika chumba cha kutengwa, pamoja na mama mmoja wa Katito. Kila asubuhi alichana nywele, akafunga kitambaa safi, akanisalimia kwa uchangamfu. Mimi niligeukia ukuta. Siku moja nilimfokea: “Mama, unafurahia nini humu?”

Alinijibu: “Wiki ya kwanza nililia tu, mwanangu. Sasa nimeamua kuamka vizuri.”

Dada yangu alikuja dirishani kila Jumapili na samaki wa kukaanga. Mama yule hakuwahi kutembelewa na mtu. Baada ya kumfokea, niliona haya hata kumtazama.

Kesho yake nilitangulia kumsalimia, kwa sauti ya chini. Aliitikia kana kwamba sikuwahi kumkosea, na hilo likanichoma zaidi.