Jumanne za Dokta Chipego

Dokta Chipego alishuka ku minibasi ya Mansa na masanduku mawili, moja la nguo na moja la vitabu, na lile la vitabu ndilo lilikuwa zito. Wamama wa soko la Nchelenge waliona vile kijana wa minibasi alivyolishusha akitoa jasho, wakamaliza kesi palepale: huyu hana bwana, na kwa uzito ule hatamupata kesho. Alikuwa na miaka makumi mbili na saba. Kwao ni Choma, kule kusini kwa watu wa ng'ombe. Alisomea udaktari Ndola, akafanya mazoezi ya kazi Kitwe, kisha serikali ikamutuma huku ku Ziwa Mweru, mahali hata shangazi yake mwenye kujua yote hakuwahi kufika.

Kwa miezi michache tu alikuwa amezoea. Alipewa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya hospitali, na mabati yalikuwa yanapiga kelele kila jua likipanda. Alizoea kuoga maji ya ndoo. Alizoea nguo zake kunuka samaki hata zile hakuzivaa. Kibemba chake kilikuwa cha muji, na watu walikicheka bila kujificha. Kiswahili alikuwa amekiokota Kitwe kwa Wakongomani wenye kuuza vitenge mbele ya nyumba yake, na hicho hakuna aliyekicheka, maana Mukongomani akikusikia unajikaza kusema luga yake anakupenda hata ukiharibu. Asubuhi dokta alikaa ku mulango na kikombe cha chai, ziwa liko pale mbele yake, pana, halimuulizi mutu kitu. Alikuwa anajiambia: hapa nitakaa.

Lakini kitu alichokipenda kuliko nyumba na chai ni Jumanne.

Iko hivi. Ku hospitali waliletewa wanawake wengi ambao upande mumoja wa mwili umekufa, mudomo umepinda, mukono unaning'inia kama nguo ku kamba. Yote ni tansiyo, damu kupanda, na hakuna mutu aliyewahi kuwapima. Chipego alichoka kuwapokea wakiwa wameisha. Akaenda ku biro, ofisi ya afya ya wilaya, akaomba siku moja kila juma ku kiliniki ndogo ya Kabuta, pale pembeni ya ziwa, apime wamama na kuwapa dawa mapema. Mukubwa wa biro, Bwana Levy, mutu wa viatu vya kung'aa na maneno machache, alifikiri sana.

"Dokta, nakupa Jumanne nane. Rejista ikijaa, siku ni yako. Isipojaa, unarudi mu wodi. Kule kazi haikosi."

Ilikuwa haki. Chipego alikubali.

Jumanne ya kwanza wamama walifika ishirini na tatu. Wa kwanza kukaa ku kiti alikuwa Rosalie. Rosalie ni mama wa Kongo, wa upande wa Pweto, alivuka ziwa mwaka wa 2017 na watoto wawili na sufuria moja, akakaa Kenani mu mahema ya wakimbizi, kisha akateremka Kabuta kuanika na kuuza chisense, zile samaki ndogo nyeupe kama sindano. Mwili wake ni mukubwa na sauti yake ni kubwa kuuzidi. Mashini ilimubana mukono, ikapumua, ikaonyesha mia moja na makumi tisa.

"Mama Rosalie, unapikaka na chumvi ngapi?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha ni ngapi?"

"Ninatia mupaka mukono unachoka."

"Mama, unataka kufa?"

"Ata! Bunduki ilinishindwa kule kwetu, sasa chumvi njo itaniweza?"

"Bunduki ilikukosa juu ulikimbia," Chipego akamujibu. "Chumvi, wewe mwenyewe unaikaribisha ku meza, unaipa na kijiko."

Wamama walipiga makofi. Rosalie alikaza kitenge chake, akamupisha mwengine ku kiti. Siku ile Chipego alifokea karibu wote: huyu juu ya chumvi, yule juu ya pombe, mwengine juu ya kusema ataficha dawa mu mutungi angoje augue vizuri kwanza. Jumanne ya pili walifika thelathini. Chipego alirudi Nchelenge akiimba.

Jumanne ya tatu walifika wawili, na mumoja wao alikuwa anatafuta wa kung'oa jino.

Jumanne ya nne hakufika mutu. Benchi lilikuwa tupu mupaka kuku akapanda akalala. Chipego alimuuliza Boyd, muzee mwenye kuongoza kiliniki ile, mutu aliyezaliwa Kabuta na asiyekimbiza kitu tangu azaliwe.

"Ba Boyd, wako wapi?"

"Watakuja, Ba Dokota."

"Lini?"

"Kama wanakuja."

Akarudi ku gazeti lake. Boyd alijua sababu, lakini alifikiri kila mutu anaijua. Nani anaanza kumuelezea dokta mwenye vyeti kwamba maji inalowesha?

Basi Chipego akatafuta sababu yake mwenyewe, na akaiona haraka: ni mudomo wangu. Nimewatukana wamama wakubwa mbele ya watu, sasa wamenikataa. Alipiga simu Choma kwa mama yake, apate kufarijiwa.

"Ule mudomo haukutoka kwangu," mama akasema. "Ni wa upande wa baba yako. Kawaombe musamaha."

Jumanne ya tano, kumbe, benchi lilijaa tena. Chipego alishukuru Mungu, akaamua hatafokea mutu tena. Akawa mutamu kama chai ya harusi. Mama mwenye tansiyo ya kutisha alipata "Asante sana kwa kuja." Mama aliyesahau dawa alipata "Haizuru, mama." Rosalie alimuangalia kwa jicho moja.

"Dokta, uko mugonjwa?"

"Hapana, mama."

"Basi unaficha kitu."

Jumanne ya sita ilikuwa vilevile, benchi limejaa, dokta anatabasamu mupaka mashavu yanauma, na tansiyo za wamama zinapanda taratibu, maana hakuna aliyeogopeshwa. Akasema moyoni: angalau wanakuja, utamu unasaidia.

Jumanne ya saba, tupu. Kuku akapanda benchi lake.

Sasa alibakia na Jumanne moja, na Bwana Levy alikuwa amemuandikia kwamba siku ile atafika mwenyewe kuangalia. Chipego hakungoja. Alitia mashini mu mufuko, akamuacha Boyd na gazeti, akateremka ku muchanga ili aombe musamaha mara moja aimalize.

Jua lilikuwa kali. Chisense zilitandazwa ku nyavu za zamani mupaka mwisho wa jicho, zinang'aa kama mabati mapya, na wamama wameinama katikati wanazigeuza na mikono. Kunguru walijipanga ku mitumbwi wakingoja mutu asahau. Chipego alimuona Rosalie na fimbo yake. Kwao Choma, mutoto akiomba musamaha kwa mukubwa anapiga magoti na kupiga makofi polepole. Akapiga magoti.

"Mama Rosalie, nimekuja kuomba..."

"Simama! Simama, uko unaponda samaki!"

Alisimama. Magoti yote mawili yalikuwa na chisense.

"Naomba musamaha," akasema akijipangusa. "Niliwatukana juu ya chumvi. Nilikosa heshima."

Rosalie alimuangalia, kisha akageuka kwa jirani yake, mwanamuke mwembamba mwenye mutoto ku mugongo.

"Régine! Kuya usikie! Dokta anasema alitutukana!"

"Lini?" Régine akauliza.

"Ile siku ya chumvi."

"Aaa! Ile? Ile ilikuwa muzuri sana. Niliipeleka kwa bwana yangu, neno kwa neno. Alicheka mupaka akaanguka ku kiti. Sasa akiona nashika chumvi ananiambia, mukaribishe, mupe kijiko."

"Njo hizi siku za nyuma ulituharibia," Rosalie akasema. "Asante mama, haizuru mama. Nilisema huyu mutoto sasa wamemuloga."

Chipego alisimama pale na jua ku kichwa. "Basi juu ya nini hamukuji? Juma hili hakuna mutu. Ile ya tatu na ya nne, hakuna mutu."

Rosalie alipumua kwa pua. Akamukimbiza kunguru kwanza, maana kila kitu na zamu yake.

"Jana mwezi ulitoka saa ngapi?"

"Wapi? Juu mbinguni? Sijui."

"Vwala, unaona! Vitabu sanduku muzima, lakini kichwa juu haiangalii. Sikiliza, mutoto yangu. Chisense banaivuaka na taa. Kukiwa giza, inafuata taa, mitumbwi inajaa. Mwezi ukiwa mukubwa, taa haina kazi, samaki inatawanyika, babwana banalala, nyavu zinashonwa. Pale njo tunasuka kichwa, tunaenda ku kanisa, tunakuya kwako kupimisha. Lakini giza ikirudi, asubuhi ni hivi." Akaonyesha nyavu na fimbo. "Unaanika kabla jua halijawaka. Unageuza. Unachunga kunguru, mbuzi, bata na majirani. Mimi nikikaa ku benchi yako juu ya tansiyo, saa sita nakuta harufu tu."

"Na Boyd anajua hii?"

"Boyd alizaliwa hapa. Mbuzi pia banajua."

"Na hakuna mutu aliyeniambia!"

"Uliuliza? Tulifikiri ku masomo yenu banafundishaka na mwezi."

Chipego alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimutangulia. Wiki zote zile alijipiga kifua juu ya mudomo wake, kumbe ni mwezi. Halafu kicheko kikakatika.

"Bwana Levy anakuja Jumanne ijayo kuangalia rejista. Itakuwa giza bado?"

"Giza ya kweli."

"Basi wananinyang'anya siku. Narudishwa mu wodi, na ninyi munabaki bila wa kuwapima."

Rosalie aliinama. Aligeuza samaki, akageuza tena zile alizokwisha kugeuza. Chipego aliangalia mistari ya nyavu, na wamama wanavyotembea ndani yake wakiinama na kuinuka, huku mwisho, kule mwanzo. Akafungua mufuko wake.

"Leta mukono."

"Huu? Uko na magamba mupaka ku kiwiko."

"Nimekutana na mabaya kuliko magamba. Leta."

Mashini ikapumua. Mia moja na makumi nane na tano.

"Dawa umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Zote?"

"Zingine nilimupa Chouchou, mudogo yangu. Kichwa kilikuwa kinamuuma."

"Mama Rosalie!" Na mudomo ule wa upande wa baba ukarudi kazini. Alimuambia mbele ya Kabuta yote kwamba dawa haiko pipi ya kugawa, na kwamba Chouchou ana miguu, aje mwenyewe. Wamama waliinua vichwa. Régine alikuja akigeuza mustari wake mupaka akafika penye dokta, akatoa mukono, akapimwa, akafokewa, akapita upande wa pili akiendelea kugeuza. Nyuma yake akafuata mwengine. Hakuna mutu aliyeacha samaki hata dakika moja.

Jumanne ya nane, Bwana Levy alifika ku kiliniki, akakuta benchi, kuku na Boyd.

"Dokta yuko wapi?"

"Ku muchanga, bwana."

"Na wagonjwa?"

"Nao."

Bwana Levy aliteremka na viatu vyake vya kung'aa, muchanga ukaingia ndani. Alimukuta dokta amekaa ku ndoo iliyopinduliwa katikati ya nyavu, rejista ku magoti, wamama wanapita mumoja mumoja kama watu wa komunyo. Alichukua rejista, akafungua. Majina makumi ine na moja, na magamba yameganda ku kurasa.

"Fomu inasema kiliniki inafanyika ndani ya chumba," akasema, akitoa fomu ya ukaguzi mu mufuko.

"Ndiyo, bwana," Chipego akajibu. "Mwezi ukiwa mukubwa, chumba kinajaa. Kukiwa giza, chumba ni hapa. Angalia tarehe, utaona mwenyewe."

Alirudisha kurasa, akahesabu na kidole: mbili zimejaa, mbili tupu, mbili zimejaa, tupu, na hii. Mutu wa biro anaweza kuwa mugumu, lakini akionyeshwa hesabu yenye kutembea sawa, moyo wake unalainika kama wa bwana harusi.

Rosalie hakutaka afikiri peke yake. "Bwana Mukubwa, kunja mukono wa shati."

"Mimi? Mimi nimekuja kukagua."

"Kagua na huo mukono."

Alipimwa. Mia moja na makumi saba. Wamama walisema "Yoo!" kwa sauti moja. Chipego alimuangalia, akakumbuka kwamba siku yake iko mu mikono ya mutu huyu, akakumbuka vilevile utamu wa majuma yale ulivyoharibu kazi.

"Bwana Levy, hii ni mubaya sana," akasema. "Unakaa ku kiti siku nzima, unakula chumvi ya watu watatu, na unatembea kufika ku gari tu. Utarudi hapa Jumanne ijayo. Ukikosa, nakufuata ku biro na mashini, mbele ya wafanyakazi wako."

Wamama waligeuka wote kumuangalia. Hata kunguru walingoja.

Bwana Levy alishusha mukono wa shati polepole. Alitoa kalamu. Chini kabisa ya fomu kuna mahali pa kuandika maelezo, pale ambapo hakuna mutu anayeandikaka kitu, na akaandika mistari mitatu. Akamupa dokta asome: kiliniki ya Jumanne iendelee, ndani au ku muchanga kufuatana na mwezi, dokta alete kalenda ya mwaka muzima ku biro.

"Siku ni yako," akasema. "Na kwa Jumanne ijayo... nitakuja saa ine."

Akapanda kurudi ku gari, anamwaga muchanga ku kiatu kila hatua kumi. Wamama hawakungoja afike mbali. Walipiga vigelegele, Régine akacheza na mutoto wake ku mugongo, na Rosalie akaanza kucheza vilevile, mupaka Chipego alipomushika mukono.

"Wewe kaa chini. Nusu saa, kivulini, na dawa yako."

"Na samaki yangu?"

"Nitachunga mimi. Nipe fimbo."

Rosalie alimupa fimbo kwa mashaka makubwa, akaenda kukaa ku kivuli cha mutumbwi, akameza dawa na maji. Dokta Chipego akasimama katikati ya nyavu. Kunguru mumoja akashuka. Dokta akamulenga, akapiga ndoo. Mwengine akashuka upande wa pili, akachukua tatu kwa mara moja.

"Ku kushoto, Dokta!" Rosalie akapiga kelele kutoka kivulini. "Ku kushoto! Yoo, mutoto huyu! Ku kushoto, nasema!"