Vibati Ishirini na Kimoja

Guleid alivaa soksi. Garissa, mwezi wa pili, mchanga unachoma hadi mbuzi wanainua miguu kwa zamu, na yeye soksi nyeupe amezivuta hadi magotini, anapita katikati ya vibanda vyetu utadhani anakagua gwaride. Alikuwa msaidizi wa zahanati. Baba yake alichunga ngamia sawa na baba yangu, ila Guleid alipelekwa mjini angali mdogo, na aliporudi kutoka mafunzo ya miezi sita katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Nairobi, hakuweza tena kuketi chini. Kila alikokwenda alibeba kiti chake.

Nataka kusimulia habari za kaka yangu Olow, na kwa bahati mbaya siwezi kumsimulia bila huyo mwenye soksi.

Olow alianza kusikia sauti akiwa na miaka ishirini na mitatu. Porini ugonjwa wake haukumkera mtu. Alizungumza na wasioonekana mchana kutwa, ngamia wakamzoea, na hakupoteza hata ndama mmoja. Kisha vikaja vita. Mwaka wa 1966 Serikali ilitukusanya ndani ya uzio wa miiba ili tusiwalishe wapiganaji wa msituni. Askari walichukua ngamia wetu wote ishirini na mmoja, na hatukuwaona tena. Saa kumi na mbili jioni lango lilifungwa, na aliyeonekana nje baada ya hapo alipigwa risasi. Jelle muuza chai, mtu mwenye akili zake timamu, alipigwa hatua kumi nje ya lango akimfuata mbuzi.

Sasa, saa kumi na mbili jioni ndiyo saa ngamia wanaporudi nyumbani. Kila siku ilipofika, sauti zilimwambia Olow atoke akawapokee, naye alitaka kutoka.

Nilimzuia kwa njia yangu. Katika vitu vyetu ilibaki koor moja, ile kengele ya mti anayofungwa shingoni ngamia anayetangulia wenzake. Jua likishuka nilipita nayo nyuma ya vibanda nikiitikisa, kok, kok, kok. Olow aliisikia, akatabasamu, akasema, "Wameingia," akakaa kunywa chai. Miezi minane nilifanya hivyo. Hakuna aliyenifundisha, na hakuna aliyenipa cheti.

Guleid aliposikia habari hiyo alikuja na kiti chake.

"Unamlisha uongo," aliniambia. "Huu ni ugonjwa, unaitwa skizofrenia." Alilitamka neno hilo polepole, mara mbili, nadhani kwa raha yake mwenyewe. Vidonge alivyotoka navyo Nairobi vilikwisha ndani ya mwezi mmoja, na lori la dawa halikuthubutu kupita barabara yenye mabomu. Lakini alikuwa na elimu. Kule mafunzoni daktari mmoja mgeni aliwaeleza kwamba huko Marekani wagonjwa hupewa vipande vya bati kila wanapotenda vizuri, kisha wakavibadilisha kwa sigara au peremende. Mgonjwa hufuata tuzo, tabia ikanyooka. Kwa hiyo Olow akinawa uso, akiitika jina lake wakati wa kuitwa majina, na akiketi mpaka saa ya kufunga lango, atapata kibati kimoja. Vibati vitatu, kikombe cha sukari, au tumbaku.

"Na kengele?" niliuliza.

Aliichukua. Aliiweka juu ya meza yake pale zahanati, karibu na lango, akatia penseli ndani.

Vibati alivikata kutoka debe la mafuta ya taa. Akaogopa kwamba sisi wezi tutajikatia vyetu, akampelekea Ogle mhunzi avitie alama. Alama gani? Yoyote, alisema Guleid. Mtu yeyote aliyelelewa kati ya ngamia angetupia macho kazi ile kabla ya kuipokea. Guleid alihesabu tu, akaviweka mfukoni.

Olow alinyooka kama fimbo. Alinawa uso, aliitika jina, aliketi. Kila jioni alipokea kibati kwa mikono miwili, akakitazama kwa muda mrefu, akakifunga ndani ya kikoi chake asikionyeshe mtu. Sukari hakuitaka. Tumbaku hakuitaka. Guleid alifurahi nusura aketi chini. "Umeona? Amejifunza kuweka akiba!" Akaandika katika daftari lake. Mimi niliona haya, nikadhani labda yule mpumbavu yuko sahihi na mimi ndiye niliyemchelewesha ndugu yangu kupona.

Siku ya ishirini na moja nilikuwa nimeketi karibu na Olow nje ya zahanati alipokifungua kikoi. Aliweka kibati kipya juu ya vingine, nikaiona alama. Mstari mmoja uliosimama na mikato miwili ubavuni. Ilikuwa chapa yetu, ile tuliyowachomea ngamia wetu kwenye paja. Ogle alikuwa na chuma chetu cha chapa tangu kabla ya vita, hatukurudi kukichukua, na alipoambiwa alama yoyote alishika kilichokuwa karibu.

"Wametimia, abaayo, dada yangu," Olow aliniambia. "Wote ishirini na mmoja. Mwenye soksi ameniletea mmoja mmoja. Sasa naenda kuwapokea."

Akasimama. Lango lilikuwa linafungwa.

Nilimshika nguo, akaniburuta. Nilimpigia Guleid kelele, naye alikuwa pale pale ameketi kitini. "Mwambie arudi, atapata viwili!" alisema. Viwili! Mtu amekwisha lipwa ngamia wake wote, wewe unamwongezea viwili. Olow aliupita mwanya wa lango akiwa ameinua kikoi mbele yake ili askari waone chapa. Askari mmoja alipaza sauti asimame. Mwingine alikwisha elekeza bunduki.

"Usibige!" nililia kwa Kiswahili changu cha sokoni. "Wallahi, usibige! Hii mtu mgonjwa!"

Nikaingia zahanati, nikaikamata koor, penseli zikatapakaa sakafuni, nikaitikisa kwa nguvu zangu zote nikikimbia kuelekea vibandani, mgongo wangu kwa lango, kwa sababu ngamia wanaoingia nyumbani hawageuki nyuma. Kok, kok, kok. Nilikuwa nikingoja mlio wa risasi. Sikuusikia. Nilisikia miguu yake nyuma yangu.

"Wamepita mlango wa nyuma," alisema, akahema, akaomba chai.

Katika taarifa yake Guleid aliandika kwamba mgonjwa alitulia kwa siku ishirini na moja kwa njia ya tuzo. Yaliyotokea langoni jioni ya siku hiyo ya mwisho hakuyaandika. Alipandishwa cheo. Kabla ya kuondoka alikuja kudai vibati vyake, mali ya Serikali, nikamwambia akavidai kwa Olow mwenyewe. Hakuenda.

Mimi niliendelea kupiga kengele kila jioni, nikimdharau Guleid kwa kila hatua. Vita vilikwisha, uzio ukaondolewa. Jioni ile ya kwanza niliiacha koor imening'inia, maana hakukuwa tena na wa kumpiga risasi. Olow alitoka na kikoi chake. Alisimama pale lango lilipokuwa, jua likazama, giza likaanza, akarudi peke yake. Akakifungua kikoi mbele yangu, akavipanga vibati vyote mchangani.

"Kinsi, kila jioni nilikuwa nawasikia," alisema. "Mwaka mzima. Lakini mbona sijapata kumkama hata mmoja?"

Nilisimama, nikaenda kuichukua koor, nikapita nayo nyuma ya nyumba nikiitikisa.