Kinyaa cha Dobi

Dobi alikuwa na kinyaa cha kuzaliwa nacho, kama wengine wanavyozaliwa na kigugumizi. Hakunywa maji kwenye kikombe cha mtu hata kama kimesuguliwa kwa majivu. Hakushika kitasa cha mlango bila kuvuta mkono wa shati. Ujanani alichumbia binti wa watu, mambo yakaiva kabisa, mpaka siku alipomwona akilamba kisu cha siagi kisha akakirudisha koponi. Uchumba ukafa pale pale mezani, na binti yule, ambaye sasa ana wajukuu, hajui mpaka leo alikosea nini.

Mtu wa namna hiyo kufua nguo za watu ni kichekesho, na wateja walimcheka. Yeye alikuwa na hoja yake. Uchafu wa kitambaa una adabu, alisema. Ukiuloweka unalegea, ukiupiga sabuni unaondoka, na baada ya pasi husikii tena habari zake. Isitoshe hakuugusa. Alikuwa na fimbo ya kugeuzia nguo kwenye pipa, na shati likija na doa lisiloelezeka alilining'iniza kwenye ncha ya ile fimbo akamrudishia mwenyewe mbele za watu.

Uchafu uliomshinda ulikuwa wa mtu, na mtu huyo alikuwa dada yake.

Waliishi watatu katika nyumba waliyoachiwa na wazazi, wote wamekula chumvi nyingi. Dada Mkubwa alikuwa mhudumu wa wodi mpaka alipostaafu. Dobi alikuwa wa kati. Kitinda mimba wao aliitwa Bibie tangu utotoni, na akili yake ilibaki huko huko utotoni huku mwili ukiendelea mpaka ukaota mvi. Maneno yake yalikuwa machache. Udenda haukukauka kidevuni, na haja zilimtoka popote zilipomkuta. Dada Mkubwa ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akambadilisha. Dobi alileta sabuni na chakula, akafua mashuka kwa fimbo yake, na kila mlo akala chumbani mwake, mlango umefungwa. Mtaani alisifiwa kuwa kaka wa mfano, asiyewatupa dada zake. Sifa za bure hizo.

Kisha Dada Mkubwa akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Daktari akamlaza chali na kusema asiote hata ndoto ya kusimama kwa miezi kadhaa. Siku aliyorudishwa nyumbani alimwita kaka yake kitandani.

"Mdogo wangu," akamwambia, "sasa ni wewe."

Dobi aligeuka nyuma, kana kwamba pamesimama mtu mwingine.

Tusipambe hapa, maana hapakuwa na cha kupambwa. Asubuhi ya kwanza alivaa glavu mbili mbili, akajifunga kitambaa puani, akaingia chumbani kwa Bibie kwa shingo upande. Harufu ilimpokea mlangoni. Kilichokuwa kwenye shuka kilikuwa pia kwenye vidole, kwenye nywele, na ukutani, kwa kuwa Bibie alikuwa ameamka mapema akachoka kusubiri. Dobi alikimbilia uani akatapika, akarudi, akakimbia tena. Alipomaliza alijisugua mikono mpaka ngozi ikalalamika. Na saa ya chai udenda ukaanza upya, pamoja na makamasi, na mkate uliotafunwa ukatoka nusu, ukateleza kwenye kidevu, ukarudishwa mdomoni kwa kiganja. Uchafu wa kitambaa ukiuondoa umeondoka, aliwaza kwa hasira. Huu unarudi kabla hujaweka beseni chini.

Alijikaza kisabuni. Wiki zikapita, Bibie akawa msafi, tena msafi kupita alivyopata kuwa. Neno baya hakulitamka hata moja, na kwa hilo alijiona mtu mwema. Uso tu ndio uliomshinda kuutawala. Kila udenda uliposhuka, pua yake ilipanda, mdomo ukajipinda upande mmoja, na kichwa kikageukia dirishani. Hakujua. Nani ajuaye sura yake akiwa kazini?

Halafu Bibie akaacha kula.

Ilianza jioni moja kwenye uji. Tone la udenda lilidondoka mezani. Bibie, ambaye maishani hakuwahi kulijali tone lolote, alilitazama. Akatazama mkono wake ulioloa. Akakunja uso, akalisukuma bakuli, akaanza kujifuta mdomo kwa upindo wa gauni, akafuta, akafuta, mpaka midomo ikawa myekundu. Kesho yake alifanya hivyo hivyo, na kesho kutwa pia. Dobi alibadilisha vyakula, akaongeza sukari, akabembeleza, akafoka. Bibie alifunga mdomo. Mashavu yalianza kubonyea na gauni likawa linamning'inia.

Alimpeleka zahanati. Muuguzi alimpima kooni, tumboni na meno, akasema hana ugonjwa wowote ila njaa, na kwamba mwili wa umri ule hauvumilii njaa kwa muda mrefu. Akila atapona. Asipokula, wajiandae.

Maji yakamfika Dobi shingoni. Akaenda kitandani kwa Dada Mkubwa na kumweleza yote.

"Anakataaje?" Dada Mkubwa akauliza. "Nionyeshe."

Dobi akamwonyesha. Akapandisha pua, akapinda mdomo upande mmoja, akageuzia kichwa dirishani. Haikuhitaji jitihada yoyote.

Dada Mkubwa alijibu kwa sauti ya chini.

"Hiyo si sura ya Bibie. Sura hiyo naijua tangu tukiwa wadogo. Ni yako."

Bibie alikuwa mwigaji siku zote. Aliiga chafya za mwalimu, akaiga mwendo wa muuza maziwa, na wote wakacheka. Sasa alikuwa amejifunza kitu kingine, amekijaribu kwa mtu aliyekuwa karibu zaidi, yaani yeye mwenyewe. Miaka yote ile alikula, akadondosha, akacheka, bila kujua kuwa ni kinyaa kwa mtu. Kaka yake amemfundisha ndani ya wiki chache. Dobi alijichukia. Lilikuwa doa la mkono wake mwenyewe, na fimbo haikufika pale.

"Wewe ulikuwa unamlishaje?" akauliza hatimaye.

"Nilikula naye. Bakuli moja."

"Vijiko viwili."

"Kijiko kimoja. Chake, changu, chake, changu. Vinginevyo hali kitu."

Dobi aliufikiria mdomo wa Dada Mkubwa, mpishi wao, ulioonja mchuzi wake kila siku kwa miaka nenda miaka rudi, naye kajifungia chumbani akidhani amesalimika. Angecheka kama si kichefuchefu.

Alipika uji, akaketi mbele ya Bibie bila glavu na bila kitambaa. Akala kijiko cha kwanza yeye. Akamsogezea cha pili. Bibie alifunga mdomo na kumkazia macho usoni. Hakutazama uji hata kidogo. Dobi akasubiri mpaka midomo ile ikafunguka kidogo tu, ikalamba, ikakiachia kijiko. Kilirudi na utando wa mate unaong'aa, na kamba nyembamba ya udenda iliyokataa kukatika.

Kila alichokuwa nacho Dobi mwilini kilimwambia ainuke. Alichota uji kwa kijiko kile kile, akakiingiza mdomoni, akafumba midomo juu yake. Kilikuwa cha uvuguvugu, na kilikuwa na ladha ya mdomo wa mtu. Koo lilikataa mara ya kwanza, likakataa mara ya pili. Yeye alishughulika na pua isipande, mdomo usipinde, shingo isigeuke, maana macho ya Bibie yalikuwa yakimpekua uso mzima. Akameza.

Bibie akafungua mdomo wazi.

Wakala hivyo mpaka nusu ya bakuli, chake, changu, chake, changu. Kisha Dobi akasema anakuja, akatoka taratibu kama mtu anayekwenda kuchukua chumvi, na alipofika nyuma ya nyumba akashika ukuta akatapika yote. Akasukutua. Akaupapasa uso kwa viganja, hapa na pale, kuhakikisha umekaa sawa, akarudi ndani.

Bibie alikuwa amekichukua kijiko. Alikuwa amekilamba, amekijaza uji, na kukiinua juu ya meza, udenda ukimtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Kaka," akasema. "Chako."

Dobi akaketi, akafungua mdomo.