Nani Aliwaambia Mfunge?

Mtaani walimwita Kocha wa Makochi. Kazi yake ilikuwa kuvalisha makochi upya, na mdomo wake ulikuwa wa mpira tu, kwa hiyo mtu wa kwanza kuyaunganisha maneno hayo mawili alichekesha watu na jina likaganda. Mwenyewe hakuchukia. Kuna wateja waliofika pale wakiulizia karakana ya Kocha bila kujua kama wanatafuta fundi au mtu wa mazoezi.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa chuma, harufu ya gundi, na fremu za mbao zilizovuliwa nguo zikisubiri sponji mpya. Vumbi la sponji lilimkaa kwenye nyusi. Akipigilia kitambaa alibana misumari midogo kwa midomo, na hapo ndipo watu walipopata nafasi ya kumjibu, maana mdomo ule kama haukuwa na misumari ulikuwa na Zambarau.

Zambarau ndiyo timu yake tangu utoto. Kila msimu ilianza kwa kishindo, na kila msimu ilimaliza inakohoa. Kocha wa timu alikuwa na watu wake kumi na mmoja, na hao ndio waliocheza ligi, kombe, hata mechi za kirafiki. Ligi ikifika ukingoni unawaona wamejishika viuno, beki anapitwa kama mlango ulioachwa wazi.

"Angalia kochi lako," fundi angemwambia mteja huku akibonyeza mto. "Huu unaotazama televisheni umekufa. Huu wa pembeni mpya kabisa. Kwa nini? Baba mwenye nyumba anakaa hapohapo kila siku. Mngekuwa mnaibadilisha mito, kochi lingewazika wote. Sasa huyu kocha wetu..." Na mtu aliyekuja kuchagua kitambaa anajikuta anasikiliza habari za kikosi mpaka anasahau rangi aliyoitaka.

Habari za vijana ndizo zilizompandisha sauti zaidi. Asubuhi za Jumamosi alikwenda kutazama timu ya vijana ya Zambarau kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya shule, akisimama peke yake nyuma ya goli. Alikuwa na msimamo wake, na aliurudia kama mtu anayefundisha kuendesha gari. "Kijana haingizwi timu imeshapigwa tatu na watu wanaanza kuondoka. Huko ni kumtupia lawama. Kijana anaingizwa timu inaongoza, kaka zake wako pembeni wanamwambia simama hapa, pita pale. Wawili leo, mmoja wiki ijayo. Msiwatupe wote kwa mpigo kama mnamwaga maji."

"Kocha," kinyozi wa jirani alimuuliza siku moja mbele za watu, "hao watoto wako watatuletea kombe au watatuletea nepi?"

Watu walicheka mpaka mmoja akakatwa nywele vibaya. Fundi alicheka nao, lakini jioni kule nyumbani alikuwa bado anamjibu kinyozi kwa mkewe, ambaye alikuwa anakunja nguo na alishayasikia yote. Kulikuwa na winga mmoja wa kushoto, mwembamba, mama yake mpishi wa shule. Fundi alimtaja kijana huyo mara nyingi mpaka mkewe akamuuliza kama anataka kumleta alale sebuleni.

Sasa, meneja wa timu ya Zambarau alikuwa kaka wa huyo mkewe. Mtu mtaratibu, shati limepigwa pasi, simu mbili. Yeye ndiye aliyempeleka dada yake kwa fundi siku ya harusi, na kwa miaka yote walikaa vizuri, wakitaniana kishemeji. Fundi alimpenda hasa. Alikuwa na ndugu ndani ya timu yake, nani asingejivuna?

Wiki ya mwisho ya ligi shemeji alifika karakanani, akakaa kwenye kochi lisilo na mgongo.

"Shemeji, nimekuja na habari yako. Jumapili wanaanza vijana."

Fundi alitema misumari kiganjani. "Wangapi?"

"Karibu wote. Kipa tu ndiye mkubwa. Tumeshamaliza katikati ya msimamo, hatupandi hatushuki. Kocha amesema ni wakati. Maneno yako yamemfika."

Fundi aliweka nyundo chini. Alishika mkono wa kochi alilokuwa anatengeneza kama mtu aliyesimamishwa ghafla kwenye gari. Miaka yote ile watu walimcheka, kumbe kuna aliyekuwa anasikia.

"Ila kuna jambo moja," shemeji akaendelea. "Mechi ni dhidi ya Kiwanda, na Kiwanda wakifungwa wanashuka daraja. Mashabiki wetu wakiona majina mageni wataanza kelele, watasema hili na lile. Wewe kwenye tawi la mashabiki wanakusikiliza. Ongea nao. Waje, washangilie, wasiwazomee watoto."

"Hilo niachie mimi," fundi akasema.

Na kweli aliongea. Kwenye mkutano wa tawi alisimama juu ya benchi akaongea mpaka kinyozi mwenyewe akapiga makofi. Alikwenda hadi nyumbani kwa mama yake winga, kwa sababu mama huyo alikuwa hataki mwanawe acheze. Mtoto alikuwa na kifundo cha mguu kilichokuwa bado hakijapona vizuri. "Dada, mwache," fundi alimwambia mlangoni. "Mlango huu ukifungwa haufunguki tena. Timu nzima iko nyuma yao."

Ni mkewe peke yake aliyeuliza swali. Alikuwa anamenya vitunguu, hata hakugeuka. "Si wewe uliyekuwa unasema wasitupwe wote kwa mpigo?"

"Ndiyo, lakini huu ni mwanzo."

"Haya," mkewe akasema.

Jumapili ile jukwaa la Zambarau lilijaa. Vijana waliingia na jezi zinazowapwaya mabegani, wengine wanajivuta soksi kila mara. Dakika za mwanzo walipoteza mpira ovyo. Kisha wakatulia. Winga akampita beki wa Kiwanda mara ya kwanza, jukwaa likanguruma. Akampita tena, beki akaanza kumtazama mwamuzi kama anaomba msaada. Karibu na mapumziko alipenya pembeni, akarudisha mpira nyuma, na kiungo mdogo ambaye hakuna aliyemjua jina akaupiga chini, pembeni mwa kipa. Goli.

Fundi alikumbatiwa na watu asiowajua. Kinyozi alimnyanyua juu. "Nimekubali!" kinyozi akapiga kelele sikioni mwake. "Nimekubali, Kocha!" Fundi alikuwa analia na hakujifuta.

Alitazama chini, kwenye benchi, akitaka macho yake yakutane na ya shemeji. Shemeji alikuwa ameinamia simu.

Kipindi cha pili timu ilirudi bila winga. Hakuwepo pia kiungo aliyefunga, wala beki wa kati aliyekuwa anawapanga wenzake. Waliingia wakubwa watatu, wale wale wa kila siku, na wakatembea. Hakuna neno jingine, walitembea. Mpira ukija kwa beki mkubwa anaugeuza, anauangalia, anampasia adui. Vijana waliobaki walikimbia huku na huku wakiziba mashimo ambayo si ya kwao. Kiwanda wakasawazisha. Kisha ikapigwa kona, kipa akatoka kudaka hewa, na ikawa mbili kwa moja. Kiwanda wakabaki kwenye ligi, timu nyingine ya mbali ikashuka badala yao, na wachezaji wao wakaanguka chini kushukuru.

Pale jukwaani hali iligeuka kufumba na kufumbua. "Hao ndio vijana wako!" mtu mmoja alimfokea fundi. "Umetuleta kutazama chekechea!" Na winga, aliyekuwa amekaa benchi na taulo kichwani, alizomewa alipokuwa anaingia ndani.

Fundi aliwatetea njia nzima. Akasema labda kifundo cha yule kijana kimemsumbua. Labda kocha alitaka kuwapumzisha. Labda wakubwa walikuwa wamechoka na msimu. Alimtetea kocha mpaka sauti ikakauka, na wiki ile yote karakanani aliendelea kumtetea, ingawa wateja walikuwa wamepungukiwa na hamu ya kusikiliza.

Kisha akaja mama yake winga. Hakukaa. Alisimama katikati ya fremu, mkoba wake ameukumbatia kifuani.

"Fundi, wewe ndiye uliyekuja kwangu ukaniambia nimwache acheze. Nakuuliza wewe kwa hiyo. Mwanangu tangu siku ile hali chakula vizuri, haongei. Jana ndiyo amefungua mdomo. Anasema walipoingia chumbani wakati wa mapumziko walikuwa wanarukaruka kwa furaha. Kocha akafunga mlango, akawaambia, 'Nani aliwaambia mfunge?' Mimi sijui mpira. Niambie, maana ya maneno hayo ni nini?"

Fundi alijua maana yake kabla mama huyo hajamaliza. Alitaka kusema labda, kama alivyozoea wiki ile, na neno lenyewe likamkataa.

"Sijui, dada," akasema. "Lakini nitajua."

Hakusubiri kesho. Alifunga mlango wa chuma, akaenda kwa shemeji yake na aproni bado kiunoni. Alimkuta kibarazani anakunywa chai, na shemeji akamkaribisha kwa tabasamu, akaagiza kikombe cha pili.

"Sinywi," fundi akasema. "Mechi ile mliiuza?"

Tabasamu lilikaa usoni mwa shemeji kidogo, halafu likaondoka lenyewe. Akatazama ndani kama kuna mtu anasikia.

"Punguza sauti, shemeji. Mpira una mambo yake."

"Mliiuza?"

"Hatukumuumiza mtu. Kiwanda walikuwa wanashuka, sisi hatukuwa na cha kupoteza. Mwenyekiti wao na wetu wakaelewana. Msimu ujao wanatuachia mshambuliaji wao, yule mrefu. Unajua mwenyewe tunavyomhitaji. Wakubwa wangecheza chini ya kiwango toka mwanzo watu wangeshtuka. Vijana wakifungwa, nani atauliza? Ni vijana. Ila wale watoto nao wakacheza kweli, wakataka kutuharibia."

"Wakataka kuwaharibia," fundi akarudia polepole. "Na hao watoto wenyewe?"

"Karibu wote wanaachwa. Ripoti ya kocha inasema hawajafikia kiwango."

Fundi aliketi. "Mimi je? Mimi uliniingiza kwenye huo mkenge kwa nini?"

Shemeji aliweka kikombe chini. Alijibu bila ubaya, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi, na hilo ndilo lililomkata fundi maini kuliko yote.

"Kwa sababu wewe unaamini hayo mambo. Angesema mtu mwingine, wangejua ni geresha. Wewe ulikuwa unasema kweli."

Fundi aliondoka bila kuaga. Kwenye mkutano wa tawi uliofuata alisimama tena, safari hii si juu ya benchi, akaeleza yote. Mwenyekiti wa tawi alimuuliza kama ana ushahidi. Mtu mmoja nyuma akasema Kocha wa Makochi anatafuta pa kuficha aibu ya watoto wake. Kinyozi alitazama viatu vyake. Baadaye, wakiwa wawili tu, alimwambia, "Mimi nakuamini. Lakini tukimpata yule mrefu, msimu ujao tuna timu." Na hilo nalo fundi alilibeba nyumbani.

Nyumbani mkewe alisikiliza mpaka mwisho. Alilia. Kisha akasema, "Ni kaka yangu. Unataka nimfanye nini?" Shemeji aliendelea kuja kumsalimia dada yake, na wanaume hao wawili walikaa sebule moja wakiulizana hali ya hewa.

Msimu mpya mshambuliaji mrefu alifunga magoli mawili mechi ya kwanza. Fundi alikuwa karakanani, redio ya jirani imefunguliwa, na goli la kwanza lilipotangazwa alijikuta amesimama, nyundo juu. Mwili ulisimama kabla yake. Alikaa chini, akaona aibu kana kwamba kuna aliyemwona, kisha akamwomba jirani apunguze redio. Jirani alidhani ni utani.

Winga aliacha mpira, akapata kazi kwenye gereji ya matairi njia panda. Fundi alichelewa kwenda kumwona. Kila siku alikuwa na kochi la kumaliza. Alipokwenda alimkuta amechuchumaa, anabandua tairi kwenye ringi kwa chuma kirefu, mikono myeusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mguu umepona?"

"Umepona."

Kijana aliendelea kukandamiza chuma, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Mzee, wewe ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Wallahi sikujua."

Kijana alimtazama. Alimtazama kwa muda, si kwa hasira, kama mtu anayepima tairi kama litahimili tena barabarani.

"Haya," akasema. Kuna gari lilikuwa linasubiri, na dereva alishaanza kupiga honi, kwa hiyo kijana akainuka akaenda kulihudumia.