Mkono Niliouficha Mbele ya Mkwe

Kwetu upande wa Bungoma, mwanamke hampi mkono mume wa binti yake. Hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja hukata kona. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, nimezoea kusimama mbele ya watu, lakini mila hiyo sijawahi kuilegeza.

Nilikuwa nimeteleza kwenye ngazi ya ghala la mahindi pale Tongaren, mfupa wa juu wa mkono wa kulia ukavunjika. Nikapelekwa hospitali Kitale. Nilijua mkwe wangu ni nesi huko. Sikujua kwamba anafanya kazi chumba cha upasuaji.

Daktari alinieleza kwa upole. "Mama, nyuma ya huu mfupa kuna neva imejizungusha, imelala karibu kabisa. Hiyo ndiyo inainua kiganja na vidole. Tutaitafuta kwanza, tuipitishie ukanda laini, mtu aishike kando polepole tukiweka chuma. Ikivutwa sana, kiganja kinaanguka, hakiinuki tena."

Akaniambia niinue kiganja kama mtu anayesimamisha bodaboda. Kikainuka vizuri.

"Nani ataishika?" nikauliza.

"Si huyu mkwe wako hapa nyuma yangu? Ako na mkono mwepesi."

Nikaomba mtu mwingine. Siku hiyo hakukuwa na mwingine. Mkwe wangu alikuwa ameangalia sakafu. "Mama, nitakuwa nimefunika uso," akasema. "Na wewe utakuwa umelala."

Nilipozinduka wodini, walikuja wote wawili, daktari na mkwe. Gauni la hospitali lilikuwa limeteleza, bega liko wazi, na mkwe wangu ndiye aliyeegemeza kiwiko changu.

"Inua kiganja, mama," daktari akasema.

Vidole nilivisikia. Lakini kumwinulia mkwe kiganja usoni, nikiwa nusu uchi, ni kama kumsalimia kitandani. Nikauacha mkono ulegee.

"Jaribu tena."

"Mkono umekataa," nikasema, nikageukia ukuta.

Wakatoka nje ya pazia. Nikamsikia daktari akiuliza, "Uliivuta ile neva?"

"Sidhani, daktari. Lakini labda niliivuta. Ile skrubu ya mwisho ikiwekwa, nilisogea kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Kidogo tu, daktari," akasema mkwe wangu. Sauti hiyo naijua. Ni ya mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, anayekubali kosa ambalo hata hajui kama amelifanya. Kijana alikuwa ameulinda mkono wangu kama yai, na mimi nikamwachia lawama.

"Daktari!" nikaita. Waliporudi nikainua kiganja, nikanyoosha dole gumba, nikatanua vidole. "Mkono ulikuwa unaweza. Nilimwonea mkwe haya."

Daktari akacheka mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Kisha akanyamaza, kwa sababu mkwe wangu hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika chuma cha kitanda, anajifuta macho kwa mkono wa shati. Nilitamani kumwambia pole. Nikatazama ukuta, na yeye akanivutia shuka begani bila kuniangalia, akaenda.

Jioni binti yangu akapiga simu. "Mama, kwani kulitokea nini huko? Mume wangu amefika nyumbani, amekataa chakula, anasema tu mkono wako uko sawa."

Kumbe hakumwambia nilivyomwachia lawama. Nami nikasema labda ni uchovu wa kazi, nikakata simu.