Kapteri ya Mashine ya Pili

Nasiba alijua kusokota waya wa shaba kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Baba yake alikuwa na karakana mjini Kamembe, akifufua mota zilizoungua, na binti huyo alikulia humo, vidole vikinuka vanishi. Kwa hiyo alipoajiriwa kituo cha umeme kule korongoni kwa mto Rusizi, mwanamke peke yake kati ya mafundi, alikabidhiwa kazi waliyoikwepa wenzake: kutunza kapteri, vidude vinavyopima jinsi chuma kinavyosogea.

Kapteri ni bomba fupi, nene kama kidole gumba, lenye koili tatu za shaba. Ya katikati hupewa umeme wa kwenda na kurudi, nayo huamsha umeme katika zile mbili za pembeni bila kuzigusa. Ndani ya bomba huteleza kijiti cha chuma kilichofungwa kwenye kitu kinachopimwa. Kijiti kikikaa katikati, koili za pembeni hulingana nguvu na sindano ya kipimo husoma sifuri. Kikisogea hata unene wa unywele, upande mmoja humshinda mwenzake. Kwa njia hiyo Nasiba, akiwa amekaa mbele ya ubao wake wa vipimo, alijua mlango wa maji umefunguka kiasi gani, na mhimili wa kila mashine umehama kiasi gani.

Msimu mmoja wa mvua, mashine ya pili ilisimamishwa ifanyiwe matengenezo. Maji yake yakafungwa. Siku ya tatu, saa nane mchana, Nasiba aliona sindano yake ikitembea. Polepole kulia, ikatulia. Polepole kushoto, ikatulia. Kama kifua cha mtu aliyelala.

Mzee Twagirayezu, mpakaji grisi wa kituo, alivua kofia.

"Ni Ntabaza," akanong'ona. Ntabaza alikuwa fundi kutoka Bukavu, na mwaka uliotangulia alifia katika shimo la mashine ile ile. "Maman Nasiba, iko napumua."

"Mzee, chuma haipumuake."

"Basi hiyo ni nini?"

Nasiba akainuka. Alibadilisha kebo, sindano ikaendelea. Akachukua taa, akashuka shimoni, akafungua kijiti na kukishika kwa mkono katikati ya bomba.

"Sasa?" akauliza kwa sauti.

"Sifuri!" mzee akajibu kutoka juu, mbele ya ubao.

Kapteri ilikuwa nzima. Alipokifunga kijiti tena, mzee akapaza sauti iliyopasuka: "Imeanza!"

Nasiba akaweka kiganja juu ya mhimili. Ulikuwa baridi, umetulia tuli. Nywele zikamsimama, maana hapo ndipo alipokumbuka kwamba kijiti kimefungwa kwenye mashine, lakini bomba limefungwa kwenye ukuta wa shimo. Kapteri haijui nani kahama. Husema tu kwamba hivi viwili havipo tena pale vilipokuwa.

Mashine haikuwa inasogea. Kilichosogea kilikuwa ukuta.

Alitwaa kapteri ya akiba, akaifunga juu ya ufa mwembamba wa ukuta huo uliokuwa ukitiririsha maji. Nayo ikaanza kuvuta pumzi, ila kila pumzi haikurudi hadi pale ilipoanzia. Ufa ulikuwa unafunguka.

Injinia Harelimana, mkuu wa kituo, alikuja akicheka. "Zege ya metre mbili inapumua?"

"Chefu, tazama, usiniulize."

Alitazama robo saa nzima. Akaacha kucheka, akaamuru mashine ya kwanza nayo izimwe, akisema mtetemo wake ndio unaousukuma ukuta. Ikazimwa. Jumba likawa kimya hata wakasikia mvua pale juu ya mabati. Sindano iliendelea, kulia, kushoto.

"Bantu bote batoke," akasema Harelimana.

Kesho yake mchana ukuta ulilala chini, na tope na mawe vikajaza shimo hadi ukingoni. Humo hamkuwa na mtu.

Wataalamu waliokuja walieleza kwamba maji ya mvua yalijikusanya nyuma ya mwamba, yakausukuma ukuta. Nasiba alisoma ripoti yao mara mbili. Kuinama kwa ukuta kulielezwa kurasa nne. Kuhusu ule mwendo wa kwenda na kurudi, hapakuwa na mstari hata mmoja.

Aliomba kuondoka. Siku hizi yuko Bugarama, kwenye kinu cha mpunga, akipima kwa kapteri nafasi kati ya magurudumu yanayomenya punje. Huko mashine ikizimwa, sindano hutulia.